Unyoya Mmoja, Bundi Wawili: kisa cha onyesho lililohamia warshani

Filamu ilikuwa ya dakika 11. Tuliipanga jioni ya pili ya tamasha letu la filamu za wanyamapori, katikati ya filamu ndefu mbili, mahali ambapo waandaaji huweka kazi wanazozipenda lakini hawana uhakika nazo. Nayasema haya kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga pale.

Ilikuwa hadithi ya bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo anayependa maghala na minara mikuukuu. Makinda watano wanalia njaa kiotani. Mama anatokea kwenye dirisha lililovunjika, anapita juu ya shamba gizani, anadaka panya, anarudi. "Usiku huo," anasema msimulizi, "mama ana nafasi moja tu." Muziki unapanda, panya anaingia mdomoni mwa kinda mdogo kuliko wote, taa zinawaka, ukumbi mzima makofi. Nami nilipiga.

Kikafuata kipindi cha maswali. Swali la kwanza lilikuwa la kamera, kama kawaida. La pili lilikuwa la bajeti, kama kawaida pia. La tatu lilitoka safu ya nne kwa mzee mmoja aliyekuwa na darubini shingoni hata mle ndani.

"Hongera sana, binti yangu. Nimeifurahia. Ila nina jambo moja. Bundi wako akiwa kiotani, bawa lake la kushoto lina unyoya uliovunjika, wa tatu kutoka nje. Akitoka dirishani kuwinda, unyoya ule ni mzima. Akirudi, umevunjika tena. Huo mzima aliuazima kwa nani?"

Watu walicheka. Mwongozaji naye alicheka kidogo, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema, "Labda ni mwanga, mzee wangu."

Mzee aliketi. Hakubishana. Ila mtu yeyote aliyewahi kumshika ndege mkononi anajua kwamba unyoya uliokomaa ni kitu kilichokufa, sawa na ukucha. Ukivunjika hauungi. Unabaki hivyo mpaka ndege aunyonyoe na kuotesha mwingine, na bundi wa aina hii hubadili manyoya makubwa ya mbawa kwa awamu, kazi inayochukua zaidi ya msimu mmoja. Mwanga hauwezi kuotesha unyoya kati ya shoti mbili, yaani vipande viwili vya picha vinavyofuatana.

Sisi watatu tuliochagua filamu tuliitazama kila mmoja kwenye kompyuta yake ya mapajani. Nilirudi baadaye nikapima: kwenye skrini yangu unyoya ule una urefu wa sentimita moja na nusu hivi, tena unapita kwa muda usiofika sekunde moja. Ukiuweka kwenye skrini ya ukumbi yenye upana wa mita tisa, unakuwa mrefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Mwongozaji alihariri kazi yake miezi mingi kwenye kioo kidogo, tukaipitisha kwenye kioo kidogo, na mtu wa kwanza kuiona kwa ukubwa wake alikuwa mzee wa ndege. Tangu siku hiyo sikubali tena filamu ya wanyamapori ipitishwe bila mtu mmoja kuitazama angalau mara moja kwa projekta, hata kama ni kwenye ukuta mweupe.

Kwenye korido, kabla sijauliza lolote, mwongozaji alinieleza mwenyewe. Shoti za shambani, zile za mbali wakati wa machweo, ni za bundi wa porini, zilipigwa kwa lenzi ndefu. Kiota ni sanduku lililojengwa ndani ya banda la mtunzaji anayelea ndege waliojeruhiwa. Upande mmoja wa sanduku ni kioo, na kamera ilikaa nyuma ya kioo hicho. Bundi wa kiotani aliwahi kugongwa na gari, ndiyo sababu ya unyoya kuvunjika. Yule anayetoka dirishani ni ndege wa tatu kabisa, aliyekuzwa kwa mkono tangu kinda na kufundishwa kuruka kutoka kitulio hadi kitulio kwa kipande cha nyama.

Hakuna mnyama aliyeumizwa. Mimi sioni kosa katika sanduku lile, tena naona lilikuwa uamuzi wa busara. Kiota cha porini si mahali pa kuweka taa na kamera kwa wiki sita. Mzazi akishtuka anaweza kuacha mayai yapoe au makinda wakose chakula. Uingereza sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inamweka bundi huyu kwenye orodha ya ndege ambao ni kosa kuwasumbua wakiwa kwenye kiota bila leseni. Anayejenga sanduku la kioo kwa mtunzaji anayejua kazi yake mara nyingi anamheshimu mnyama kuliko yule anayejisifu kwamba shoti zake zote ni za porini.

Kwa nini basi alisema "labda ni mwanga"? Alinijibu bila kuzunguka: "Niliogopa nisije nikawekwa kundi moja na wale wa lemingi."

Wote wanaofanya kazi hii wanaujua mfano huo. Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa White Wilderness, filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar na iliyoonyesha lemingi, wanyama wadogo wa nchi za baridi wanaofanana na panya, wakijitupa majini kwa makundi kana kwamba wameamua kufa. Mwaka 1982 kipindi cha televisheni ya CBC ya Kanada kilifichua yaliyofanyika: wanyama waliletwa kutoka mbali hadi Alberta, mahali ambapo hawaishi kwa asili, na ule msafara wa kifo ulitengenezwa na watu. Mpaka leo kuna watu wazima wanaoamini kwamba lemingi hujiua. Filamu ilipachika uongo kwenye akili za vizazi viwili, na wanyama walikufa kwa ajili ya uongo huo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na kisa chetu, na nilimkumbusha. Mwaka 2011 mfululizo wa BBC, Frozen Planet, ulionyesha dubu wa barafu akiwa na watoto wachanga pangoni. Shoti za pangoni zilipigwa kwenye bustani ya wanyama Uholanzi. Magazeti ya Uingereza yalichachamaa. Watengenezaji walieleza kwamba kuingia kwenye pango la dubu wa porini kungehatarisha watoto wake na mpigapicha pia, na kwamba maelezo ya namna ilivyopigwa yalikuwa wazi kwenye tovuti yao. Hoja ya kwanza naikubali kabisa. Ya pili naikubali nusu, kwa sababu aliyekaa sebuleni akitazama hakuwa kwenye tovuti.

Usiku ule kamati ilikaa. Mmoja alitaka filamu iondolewe kwenye mashindano. Mwingine alitaka tunyamaze, watu wangesahau kesho yake. Mimi nilikuwa na aibu yangu binafsi, maana fomu ya kuwasilisha filamu niliiandika mimi. Iliuliza urefu, umbo la picha, idadi ya fremu kwa sekunde, lugha ya manukuu, kama sauti ni ya spika mbili au sita. Kuhusu mnyama haikuuliza chochote. Tulijua zaidi kuhusu faili kuliko kuhusu bundi. Inashangaza ukikumbuka kwamba moja ya matamasha ya kwanza ya aina hii, lile la Missoula huko Montana, lilianzishwa mwaka 1977 na Charles Jonkel, mtafiti wa dubu, mtu aliyetaka filamu ziseme kweli kuhusu wanyama. Sisi tulikuwa tumebaki na projekta tu.

Hatukuafikiana. Mkufunzi wa warsha ya tamasha letu, mama mmoja aliyehariri filamu za ndege kwa miaka mingi, ndiye aliyetutoa. Asubuhi yake alikuwa amepangiwa kufundisha namna ya kujenga mfululizo wa shoti. Akasema, "Nipeni zile dakika mbili za uwindaji, na mwongozaji aje akitaka. Asipotaka nitatumia kitu kingine." Mwongozaji alikuja, macho yamevimba.

Washiriki walikuwa 12. Mkufunzi alizima msimulizi na muziki, akaacha picha peke yake, akawaambia kila mtu aandike anachokiona na asiandike asichokiona. Alirudia mara mbili, kisha akakusanya karatasi na kuzisoma kwa sauti. Karibu zote zilifanana. Bundi amekaa dirishani. Bundi anaruka, kulia kwenda kushoto. Panya kwenye nyasi. Makucha. Bundi ana panya mdomoni. Makinda wamefungua midomo.

"Nani ameandika 'mama'?" aliuliza.

Hakuna aliyeandika.

"Nani ameandika 'usiku huo'?"

Hakuna. Mshiriki mmoja alisema, "Mwalimu, tena makinda hawa si wa siku moja. Hapa wote ni manyoya laini. Hapa mkubwa ameshaanza kutoa vibomba vya manyoya ya bawa." Alikuwa sahihi. Kati ya shoti mbili za kiota zilizofuatana palikuwa na tofauti ya wiki kadhaa.

Mkufunzi hakulifanya hilo kuwa kosa, na naona hapa ndipo alipowasaidia zaidi. Kubana muda ni kazi ya uhariri. Hakuna mtazamaji anayedhani kwamba filamu ya dakika 11 ilipigwa kwa dakika 11. Ukiunganisha shoti ya Machi na ya Aprili bila kusema neno, umetoa picha ya jumla ya maisha ya bundi. Ila ukiweka juu yake maneno "usiku huo", umetoa ushahidi. Umedai kwamba kuna usiku fulani, na kwamba wewe ulikuwepo.

Kisha akalichukua lile neno "mama", na hapo mzee wa darubini, aliyekuwa ameingia kimyakimya na kukaa karibu na mlango, akaombwa aseme. Alieleza kwamba bundi hawa hutaga mayai, mara nyingi manne hadi sita, kwa kupishana siku mbili tatu. Jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza, ndiyo maana makinda hupishana ukubwa. Muda wote wa kuatamia, na wiki mbili tatu za mwanzo makinda wakiwa bado wadogo, jike hatoki kuwinda. Anakaa nao, anawapa joto, anawararulia nyama. Anayewinda usiku kucha ni baba.

Chumba kilitulia. Mwongozaji aliinua mkono kama mwanafunzi. "Lakini ndege niliyemrusha dirishani kweli ni jike."

Kila mtu alicheka, na safari hii alicheka nao kwa dhati. Ndege wa kuruka alikuwa jike kweli. Hakuwa mama wa yeyote pale, na kama angekuwa mama, kwa umri ule wa makinda asingekuwa nje. Kwa hiyo mtu aliyeogopa kusutwa kwa sababu ya sanduku la kioo alikuwa amesema jambo lisilo kweli mahali pengine kabisa, kwenye neno ambalo hakuna aliyemshuku nalo. Alilichagua kwa sababu "mama" huwagusa watazamaji. Nadhani nusu ya filamu za wanyama zimefanya hivyo, na baba wengi wenye mabawa wamenyang'anywa kazi yao.

Wakaingia kwenye sauti, jambo ambalo mkufunzi hakuwa amelipanga. Kwenye shoti ya kuruka mwongozaji aliweka mvumo mzito wa mbawa, kama shuka linalokung'utwa. Sauti za kuongezwa studioni si dhambi. Kamera ikiwa mita 200 kutoka kwa mnyama, maikrofoni haichukui kitu zaidi ya upepo na kikohozi cha mpigapicha, kwa hiyo sehemu kubwa ya sauti unazosikia kwenye filamu hizi zimetengenezwa baadaye na mtu mwenye majani makavu na glavu. Lakini bundi ndiye ndege wa mwisho wa kuwekewa mvumo. Ukingo wa mbele wa unyoya wake wa nje una vijimeno kama kitana vinavyopasua hewa taratibu, na juu ya manyoya kuna utando laini kama mahameli. Anaruka kimya, na kimya hicho ndicho silaha yake, maana windo halimsikii na yeye anaendelea kulisikia windo. Tundu moja la sikio lake liko juu kidogo kuliko jingine, na tofauti hiyo humsaidia kujua sauti imetoka juu au chini. Roger Payne, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa nyimbo za nyangumi, alionyesha kwa majaribio kwamba bundi huyu anaweza kukamata panya kwenye giza totoro kwa masikio peke yake.

Mkufunzi akaondoa mvumo. Akaondoa na muziki. Akabakiza nyasi na mkwaruzo mdogo wa panya, halafu bundi akapita bila sauti yoyote. Nilikuwa nimesimama nyuma, na nilijikuta nimezuia pumzi. Shoti ileile, iliyokuwa ya kawaida tu jioni iliyopita, ilikuwa ya kutisha.

Palibaki suala la kukiri: uliseme wapi, na kwa maneno gani? Kijana mmoja alisema, "Jamani, mtazamaji wa kawaida hajali. Ukimwambia kuna kioo unamwamsha usingizini." Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu filamu inaishi kwa mtu kujisahau. Dada mmoja akamjibu kwamba mzee wa safu ya nne naye ni mtazamaji, na aliamka mwenyewe bila kuamshwa. Walibishana karibu saa nzima. Kuandika kwenye majina ya mwisho? Majina hupita mbio na taa zimeshawashwa. Kwenye tovuti? Tulishaona mwaka 2011. Mwanzoni kabisa? Mwongozaji alikataa, akisema filamu haianzi kwa kuomba msamaha, na hapo nilikuwa upande wake.

Walichofikia kilikuwa kidogo kuliko kelele yote ile. Simulizi ikaachana na "usiku huo" na kuingia wakati wa mazoea: "Kila usiku, baba hurudi." Shoti tatu zilizomwonyesha ndege wa kike karibu mno zikatoka. Na kabla ya majina, picha ikiwa bado ya bundi na taa bado zimezimwa, maandishi ya sekunde sita: viota vilipigwa kwenye banda la mtunzaji ili ndege wa porini wasisumbuliwe, na ndege anayeruka alilelewa na binadamu. Sekunde sita, mkufunzi alisisitiza, kwa sababu alijaribu nne na wawili kati yetu hatukumaliza kusoma.

Kopi ya ukumbini haikuweza kutengenezwa upya kwa siku moja. Siku ya mwisho tulionyesha toleo jipya chumba cha warsha, kompyuta ikiwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye projekta ndogo, rangi zimefifia, simulizi mpya imerekodiwa kwa simu chini ya blanketi. Mzee alikuja. Alipoyaona yale maandishi alitikisa kichwa taratibu, kisha akamwendea mwongozaji, wakazungumza muda mrefu kuhusu unyoya.

Filamu ilibaki kwenye mashindano na haikushinda. Majaji walisema katikati inalegea, na ni kweli inalegea.

Kosa ninalolirudia kichwani ni langu, na lilitokea katika sekunde zile chache kati ya swali na jibu. Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwa mwongozaji nikiongoza kipindi. Mtu akiulizwa ghafla mbele ya watu wengi, jibu la kwanza hutoka kwa woga. Ningeweza kusema, "Swali zuri, tueleze shoti hizi zilipigwaje," nikamfungulia mlango wa kusema kweli bila kuonekana ameshikwa. Nilinyamaza. Baadaye walionung'unika koridoni hawakulitaja sana sanduku la kioo. Walirudia "labda ni mwanga" kwa kumwigiza sauti. Sasa tunakaa na kila mwongozaji kwa dakika kumi kabla ya onyesho, na swali la kwanza ukumbini naliuliza mimi: mnyama huyu ulimpigaje?

Fomu nayo ina sehemu mpya. Inauliza ni mnyama yupi kwenye filamu alikuwa chini ya uangalizi wa binadamu, katika shoti zipi, na mtazamaji ataambiwaje. Wiki ya kwanza mwongozaji mmoja aliniandikia akitaka kujua kama siafu waliowekwa kwenye sanduku la kioo wanahesabika, maana ni wengi na hakuna mwenye jina. Nilimjibu kwamba wanahesabika.